Mbichi na Mbivu: Tahakiki ya Chai Mbili za Yunnan Zilizoonjwa Kibondo

Waswahili husema kwamba mbivu na mbichi zitajulikana. Usemi huu hutumika aghalabu mwishoni mwa mabishano, pale watu wanapochoka kusema wakauachia wakati uamue. Walakini hautuambii ni nani atakayezijua, wala atazijua kwa njia gani. Jicho huweza kudanganywa na rangi ya ganda, na sikio huweza kudanganywa na sifa za muuzaji. Hakimu wa mwisho wa mbivu na mbichi ni ulimi. Na ulimi hauwezi kutoa hukumu yake mbele za watu pasipo maneno. Makala haya yahusu maneno hayo. Nimeyapima kwa chai mbili zilizotoka mbali, nami nilizionja nyumbani Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, wakati wa likizo.

Chai zenyewe nilipewa na mwenzangu wa kazi aliyerudi kutoka Uchina. Zilikuwa mikate miwili ya duara, migumu, kila mmoja umefungwa katika karatasi yake. Mikate yote miwili ilitoka kwa mtengenezaji mmoja na kwa mavuno ya mwaka mmoja. Tofauti yake ni kwamba mmoja uliitwa mbichi na wa pili uliitwa mbivu. Nataka niungame jambo moja tangu mwanzo, maana tahakiki isiyoanza kwa ukweli haina haki ya kuwadai wengine ukweli. Kabla sijachemsha maji nilikuwa nimekwisha kuandika hukumu katika daftari langu: ile mbichi ni bora, kwa kuwa wajuzi huitukuza na soko huilipa zaidi inapozeeka, ile mbivu ni chai ya haraka, ya watu wasioweza kungoja. Hukumu hiyo niliifuta Kibondo, na sababu za kuifuta ndizo kiini cha maneno yangu.

Yatupasa kwanza tujue kinachohukumiwa. Chai hii huitwa Pu'er, kwa jina la mji wa biashara wa kusini mwa mkoa wa Yunnan, ambako tangu zamani chai ya milima ya jirani ilikusanywa ikapakiwa juu ya nyumbu na farasi kwenda nchi za mbali. Mchai wake ni wa majani mapana, na jamii hiyo hiyo ya mchai ndiyo asili ya sehemu kubwa ya mashamba ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo jani la Yunnan ni ndugu wa jani la Mufindi na la Rungwe. Linalowatenga ni malezi. Jani letu hunyaushwa, hupondwa, huachwa likavuta hewa mpaka likageuka rangi ya kahawia, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Jani la Yunnan hukaangwa mapema katika karai ili mageuzi hayo yazuiwe, husokotwa, na mwisho huanikwa juani. Kwa kuwa limekaushwa kwa jua, na si kwa joto kali la tanuri, jani hilo halijafikia mwisho wa safari yake. Hapo njia hugawanyika.

Njia ya kwanza ni ya kungoja. Jani lililokauka hupitishwa kwenye mvuke kwa muda mfupi, hushindiliwa likawa mkate, kisha huwekwa. Mkate wa kawaida una uzito wa gramu 357, na mikate saba hufungwa pamoja katika ganda la mwanzi, jumla ikawa karibu kilo mbili na nusu. Mwaka baada ya mwaka, kwa hewa, kwa unyevu na kwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, chai hiyo hubadilika kidogo kidogo. Maji yake huanza na rangi ya manjano, huelekea rangi ya asali, na baada ya miongo ya miaka hufikia wekundu. Hii ndiyo iitwayo mbichi.

Njia ya pili ni changa kwa umri. Mwaka 1973, katika kiwanda cha Kunming, mafundi walikamilisha namna ya kuipatia chai, kwa muda wa majuma machache, tabia iliyofanana na ile ambayo soko la Hong Kong lilikuwa limezoea kuipata katika chai iliyokaa ghalani miaka mingi. Majani makavu hurundikwa chungu kubwa sakafuni, hunyunyiziwa maji, hufunikwa. Ndani ya rundo kuvu na vijidudu vingine huanza kazi, joto hupanda hata nyuzi 50 au 60 za Selsiasi, na wafanyakazi hulipindua rundo mara kwa mara lisije likaungua. Baada ya siku 45 hivi, au zaidi, majani huwa yamegeuka meusi. Hii ndiyo iitwayo mbivu. Kiwanda cha Menghai kilifuata njia hiyo hiyo, na nambari mbili za chai zake ni somo zuri kwa mwanafunzi wa tahakiki: 7542 na 7572. Tarakimu mbili za mwanzo zaonyesha mwaka wa utaratibu wa kuchanganya majani, yaani 1975. Ya tatu ni daraja la jani. Ya nne ni kiwanda. Ile ya kwanza ni mbichi na ya pili ni mbivu. Mtu aweza kuisoma nambari yote, akaelewa kila tarakimu, na bado asipate humo habari iliyo kubwa kuliko zote, yaani jani limepitia njia gani.

Sasa na tuyaangalie majina. Wachina huziita chai hizi sheng na shu. Neno sheng lachukua maana ya kitu kisichopikwa na maana ya tunda ambalo halijawa tayari. Neno shu lachukua maana ya kilichopikwa na maana ya kilichoiva. Mwingereza akitaka kutafsiri hulazimika kuchagua maana moja na kuitupa ya pili, kwa sababu lugha yake imeyaweka mambo ya jikoni mbali na mambo ya shambani. Mswahili halazimiki kuchagua. Nyama mbichi na ndizi mbichi ni ubichi mmoja kwake. Wali umeiva na embe limeiva. Kitenzi ni kimoja, na neno bivu lenyewe ni tawi la shina hilo hilo la kuiva. Hapa Kiswahili kimekutana na Kichina njiani bila kuagana. Si ajabu sana kwa lugha ambayo hata neno lake chai asili yake ni huko huko, likaja kwetu kwa mikono ya wasafiri wengi.

Hata hivyo jina lenye kufaa laweza kuficha jambo. Tazama kinyume kilichomo: chai iitwayo mbichi imekwisha kuuona moto wa karai, na rundo liifanyalo chai mbivu halikuwashiwa moto wowote. Tena ile iitwayo mbichi ndiyo iivayo yenyewe kwa miaka. Mwenye kusema mbichi na mbivu, akakomea hapo, ametaja hali ya kitu lakini hakutaja njia iliyokifikisha. Na njia ndiyo penye ubishi.

Kiswahili kina maneno ya njia. Tunda huwa changa kwanza. Kisha hupea, likawa pevu, maana yake limejaa na kufikia kimo chake. Bado laweza kuwa bichi. Ndizi pevu mbichi ina hatima mbili za heri. Yaweza kuachwa mgombani ikaiva hapo hapo, au yaweza kukatwa ikavundikwa. Kuvundika ni kuweka mahali pa joto, palipofunikwa, ili kitu kiive kabla ya siku ambayo kingeiva chenyewe. Hatima ya tatu ni ya shari, nayo ni kuvunda. Ni ajabu ya lugha kwamba kuvunda na kuvundika vinakaa karibu hivyo, na mmoja ni uharibifu na mwingine ni ufundi. Anayevundika hucheza kando ya shimo la uvundo, na sifa yake yote ni kwamba hakutumbukia.

Watu wa nchi za ndizi kandokando ya Maziwa Makuu, na Buha imo, hawahitaji kufundishwa haya. Mikungu iliyopea hukatwa ingali kijani, huwekwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, hufunikwa kwa majani na udongo, hutiwa joto, na baada ya siku chache hufukuliwa imeiva yote. Humenywa, hukandwa pamoja na nyasi mpaka maji yake yakatoka, huongezwa maji, na kwa pombe hutiwa unga wa mtama uliokaangwa uwe chachu. Bukoba huiita rubisi. Muhogo nao una habari ya namna hiyo. Ule mchungu hulowekwa siku kadhaa ili sumu yake ipungue. Na pande za Ziwa Viktoria wako wanaoumenya, wakaurundika na kuufunika mpaka ukaota kuvu, kisha wakauanika na kuusaga. Rundo la Kunming, kwa hiyo, si jambo geni kwetu. Kilichokuwa kigeni ni jani tu.

Kwa maarifa hayo nilikaa kuonja. Nilifuata kipimo cha kimataifa cha waonjaji wa chai, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, kwa dakika 6, vyombo vikiwa vya kauri nyeupe. Maji yalikuwa ya chemchemi moja na makaa yalikuwa ya jiko moja. Msomaji wa pwani akumbuke kwamba katika nyanda zetu, zilizo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 97, kwa maana kila mita 300 za kupanda hupunguza karibu nyuzi 1. Hilo halikunihuzunisha, kwani milima ya chai ya Yunnan nayo iko juu, na chai hii imezoea maji ya namna hiyo.

Chai mbichi ilitoa maji ya manjano maangavu, yenye harufu ya maua na ya majani yaliyoanikwa. Ilipogusa ulimi ilileta uchungu, na nyuma ya uchungu ukaja ukakasi. Nalitumia neno hili kwa makusudi, maana wengi wetu siku hizi husema chungu kwa kila kisichokuwa kitamu. Uchungu ni ladha. Ukakasi ni mguso. Uchungu waujua kwa mwarobaini. Ukakasi waujua kwa ndizi mbichi na bibo la korosho, pale ulimi unapokauka ukawa kama umekwaruzwa. Chai hii ilikuwa na vyote viwili, na baada ya kumezwa iliacha utamu uliopanda polepole kutoka kooni, kama mtu aliyekunywa maji baada ya kutafuna kitu kichungu. Kisha niliacha kipimo cha waonjaji nikaifuata desturi ya Wachina ya kumimina maji mara nyingi kwa muda mfupi mfupi juu ya majani yale yale. Kikombe cha kwanza hakikufanana na cha tatu, wala cha tatu hakikufanana na cha sita. Kimoja kilichukua uchungu, kingine harufu, kingine ule utamu wa nyuma.

Chai mbivu ilitoa maji mekundu yaliyokolea hata yakakaribia weusi. Harufu yake ilikuwa ya udongo baada ya mvua ya kwanza na ya magogo makavu ya ghalani. Haikuwa na ukakasi, wala haikuwa chapwa. Ilikuwa nzito, laini, na tulivu. Nilitafuta shombo, ile harufu ya samaki ambayo ni aibu ya rundo lisilotunzwa au la chai iliyotolewa rundoni juzi, nikaikuta kwa mbali sana katika kikombe cha kwanza, na katika cha pili haikuwamo. Nilipoimimina mara nyingi, kila kikombe kilikuwa ndugu pacha wa kilichotangulia, ila nguvu ilipungua. Nikaandika: haina habari mpya. Niliona neno hilo zuri sana.

Jioni ile alikuja jirani yetu, mama mzee ambaye ameandaa pombe za ndizi za arusi nyingi katika mtaa ule. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwekea vikombe viwili pasipo kumwambia lolote. Alikunywa cha kwanza, akakunja uso kidogo, akangoja.

"Hii ni pevu, mwanangu, ila bado mbichi. Ina nguvu. Ukiiweka itaiva."

Akanywa cha pili, akanyamaza, kisha akaniomba nimwongeze. Alipomaliza cha tatu akasema, "Hii imetoka shimoni."

Nilishtuka, maana rundo sikulitaja. Nikamwuliza, "Mama, umejuaje?"

"Iko sawa juu mpaka chini. Mkungu ukiiva mgombani huanzia vichana vya juu. Vya juu vikilika, vya chini bado kijani. Wa shimoni huiva wote siku moja."

"Basi ipi bora?"

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali lisilo na kichwa. "Bora ya nini? Ya mgombani ni ya kula. Ya shimoni ni ya kukamua. Ukitaka kukamua zile za mgombani, wageni wa arusi watakunywa nini?"

Usiku ule nilifuta maneno niliyoyaandika. Nilichokiita upungufu, yaani kila kikombe kufanana na mwenzake, ndicho kitu ambacho rundo lilikusudiwa kukifanya. Nilikuwa nimeilaumu chai ya shimoni kwa kuwa haikuwa ya mgombani. Kosa langu halikuwa kosa la ulimi, kwani ulimi wangu na wa mama yule vilikuta jambo lile lile: moja hubadilika, nyingine hailegei. Kosa lilikuwa la mizani. Mimi nilileta mizani niliyoazima vitabuni na sokoni, naye alileta mizani aliyoishi nayo.

Soko nalo si shahidi wa kuaminiwa sana. Katika miaka iliyotangulia 2007 bei ya chai ya Pu'er ilipanda kupita kiasi, watu wakanunua mikate kama wanunuavyo viwanja, wasikusudie kuinywa. Na mwaka huo 2007 bei ikaporomoka. Chai iliyokuwa bora mwezi mmoja ikawa mzigo mwezi uliofuata, na hali ladha yake haikubadilika. Kipimo cha taifa cha Uchina cha mwaka 2008 kilizitambua zote mbili, mbichi na mbivu, kuwa ni Pu'er halali, mradi jani liwe la Yunnan, la mchai wa majani mapana, lililoanikwa juani. Sheria haikuamua ipi bora, na ilifanya vyema.

Haina maana kwamba hapana lawama. Lawama ya kwanza ni kwa kilichovunda kikaitwa kilichovundikwa: chai yenye shombo na uvundo, ambayo muuzaji hudai kwamba ndiyo harufu ya ukale. Ya pili ni kwa cha shimoni kuuzwa kwa jina la cha mgombani, yaani chai iliyoharakishwa ikapewa umri usio wake. Ya tatu ni kwa kisichopea kuwekwa kikingoja kuiva. Jani changa lisilojaa haliponywi na miaka. Ndizi iliyokatwa kabla ya kupea hunywea, haiivi. Wapenzi wa ukale husahau hili wakadhani kila kilichokaa kimeongezeka. Kukaa si kuiva.

Wanafunzi watauliza haya yatufaa nini sisi tunaohukumu maneno na si majani. Yatufaa mahali pengi, nami nitataja pamoja. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, lugha yetu imepata maelfu ya istilahi zilizoundwa kwa haraka, kwa kuwa shule, mahakama na ofisi hazikuweza kungoja. Hizi ni istilahi za kuvundika. Maneno mengine, kama chai, yaliiva yenyewe vinywani mwa watu kwa karne nyingi. Nimewasikia wasomi wakizibeza za kwanza kwa sababu tu hazina umri, kama nilivyoibeza chai yangu. Mizani ya haki ingeuliza mambo mengine: je, dhana ilikuwa imepea kabla ya kupewa neno? Je, neno liko sawa juu mpaka chini, yaani lafaa darasani, kitabuni na mahakamani vile vile? Je, lina shombo la rundo, na kama linalo, laondoka kwa kikombe cha pili? Istilahi ikishinda maswali hayo, haidaiwi umri.

Kwa upande wa hukumu yenyewe, nasema hivi. Chai mbichi niliyoionja ni pevu, yenye uchungu na ukakasi wa haki, na inastahili kuwekwa. Anayeinywa leo anaonja ahadi. Chai mbivu imevundikwa kwa ufundi, haikuvunda, nayo imetimiza ahadi yake yote tayari. Mkate wa kwanza nimeufunga katika karatasi nikauweka mahali pakavu penye hewa, mbali na viungo vya jikoni. Wa pili nilimwachia mama yule. Akasema utafaa kwa wageni.